Hina haiwi nyeusi kwa saa moja: namna ya kumchagua mpambaji salama



 Mada ya leo inawahusu zaidi akina mama na mabinti, lakini akina baba nao wasigeuze ukurasa. Mara nyingi wao ndio watoao fedha za harusi, na wao ndio wapelekao mgonjwa hospitali usiku mambo yanapoharibika.

Tunataka kuzungumzia namna ya kumchagua mtu wa kukupaka hina. Pengine utasema, "Hili nalo ni somo? Hina tumepakwa tangu utotoni." Ni kweli. Lakini kinachopakwa mikononi mwetu siku hizi, mara nyingi si hina. Kinaitwa hina, kinachorwa maua kama ya hina, na anayekipaka anaitwa mpaka hina. Ndani yake mna kitu kingine kabisa.

Nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa na harusi katika ukoo wetu. Bibi harusi ni binti wa ndugu yangu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumtafuta mpambaji. Tulikuwa tumechelewa kwa kila jambo. Ilikuwa Ijumaa usiku, na ndoa ni Jumamosi. Nikamuuliza yule mpambaji swali moja tu: "Utachukua muda gani?" Akanijibu, "Saa moja tu dada, na itatoka nyeusi tititi." Nikafurahi, nikamlipa. Sikuuliza jambo jingine.

Jumapili mikono ya binti yetu ilianza kuwasha. Jumatatu ikavimba. Jumanne malengelenge yalikuwa yametoka, nayo yalifuata mchoro wenyewe: kila ua, kila jani na kila mstari umeinuka juu ya ngozi na kutoa majimaji. Siku za fungate alizipitisha mikono ikiwa imefungwa bandeji, analishwa kwa kijiko na kutawadha kwa taabu. Malengelenge yalipopona, maua yalibaki mikononi kama alama nyeupe, na zilichukua miezi mingi kufifia.

Ndugu msomaji, lau ningeuliza maswali mawili zaidi, hayo yasingetokea. Maswali hayo ndiyo somo letu la leo.

Mchoro usiotumia sindano

Kabla hatujaendelea, tuweke jambo moja wazi. Wako vijana wetu wanaovutiwa na michoro ya kudumu, ile inayochanjwa mwilini kwa sindano na wino, ambayo wengi huiita tatuu. Hukumu yake katika dini inajulikana na masheikh wetu wameieleza mara nyingi, kwa hiyo hatutairudia hapa. Kwa upande wa afya, sindano inayopita kwenye damu ya mtu mmoja na kuingia kwa mwingine inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B na C. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa nje ya mwili kwa siku 7 na bado kikaambukiza. Kufuta sindano kwa kitambaa hakutoshi.

Hina haina sindano. Haitoboi ngozi. Inatia rangi tabaka la juu la ngozi, lile linalokufa na kubanduka lenyewe, ndiyo maana baada ya wiki moja hadi tatu mkono unarudi kama ulivyokuwa. Kwa sababu hiyo wengi wetu tunaamini kwamba hina haina hatari yoyote. Imani hiyo ni sahihi kwa watu wengi wanaopaka hina halisi. Si sahihi kwa kila kinachoitwa hina.

Hina halisi ni nini?

Hina ni majani ya mhina. Majani hukaushwa, husagwa na kuchekechwa mpaka yawe unga laini wa kijani. Unga huo huchanganywa na maji ya ndimu au chai iliyopozwa, na sukari kidogo ili ushike. Baadhi ya wapambaji huongeza mafuta ya mkaratusi au ya karafuu. Kisha mchanganyiko huachwa saa kadhaa ili majani yatoe rangi yake.

Rangi ya hina ina tabia ambayo mtu hawezi kuibadilisha. Ukiibandua inakuwa na rangi ya chungwa. Kisha inakolea polepole, na baada ya siku moja au mbili inakuwa nyekundu iliyoiva au kahawia. Viganjani na nyayoni hukolea zaidi, kwa kuwa ngozi ya huko ni nene. Kwenye mgongo wa mkono huwa nyepesi. Hiyo ndiyo hina tangu enzi za mabibi zetu.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo msingi wa yote yatakayofuata: majani ya mhina hayatoi rangi nyeusi tititi, na hayakolei kwa saa moja. Ukiona rangi imetoka nyeusi kama wino muda mfupi baada ya kupakwa, hata kabla ya kulala, jua kuna kitu kimeongezwa au hakuna hina kabisa.

Kitu hicho ni nini?

Katika pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, watu wamezoea piko. Piko ni rangi nyeusi ya nywele. Wapambaji huikoroga na kuichora kwa kijiti, ama peke yake, ama kama mstari mweusi unaozunguka ua la hina nyekundu. Wageni wanaotembea ufukweni huuziwa rangi hiyohiyo kwa jina la "hina nyeusi".

Rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo kwa ufupi huandikwa PPD. Viwanda huitumia kwa sababu inashika haraka, ni nyeusi na haitoki kwa maji. Kwa wataalamu wa ngozi kemikali hii ina sifa mbaya kiasi kwamba mwaka 2006 chama cha Marekani cha madaktari wanaoshughulikia mizio ya ngozi kiliitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka.

Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD katika rangi za nywele tu, na isizidi asilimia 2 katika rangi iliyokwisha kuchanganywa. Kuipaka kwenye ngozi hakuruhusiwi. Marekani nayo haikubali ipakwe kwenye ngozi. Lakini hina nyeusi zilizopimwa katika maabara za Ulaya zimewahi kukutwa na PPD zaidi ya asilimia 15. Mpambaji hana mizani wala maabara. Anakoroga mpaka aone weusi unamtosha.

Tofauti nyingine ni muda. Rangi ya nywele hupakwa kwenye nywele, na baada ya dakika chache huoshwa. Piko ya mkononi huwekwa moja kwa moja kwenye ngozi, huachwa mpaka ikauke, na hakuna anayeifuta upesi kwa kuwa kila mtu anataka ikolee.

Hatari ya PPD ikiingia tumboni ni kubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulieleza habari za watoto 31 waliofikishwa hospitali mjini Khartoum, Sudan, wakiwa wamedhuriwa na mchanganyiko wa hina na PPD. Walivimba vibaya usoni na shingoni hata wengine wakatobolewa koo ili wapate kupumua, na baadhi figo zao zilishindwa kufanya kazi. Watoto 13 kati ya hao 31 walifariki. Kwa hiyo, ewe mama, hata kama piko ni ya nywele zako mwenyewe, usiiache mezani wala chini ya kitanda. Ifungie mahali ambapo mtoto hafiki.

"Mbona mimi nimepaka miaka yote?"

Hili ndilo jibu tunalolisikia kila tunapowaonya watu. Ni jibu linaloeleweka, lakini linatokana na kutojua namna mzio, ambao wengi tunauita aleji, unavyofanya kazi.

Mzio si kama moto ambao humuunguza kila anayeugusa, siku hiyohiyo. PPD inapopenya kwenye ngozi, kinga ya mwili inaweza kuitambua kama adui na kuiwekea kumbukumbu. Hilo linaweza kutokea mara ya kwanza, ya tano au ya ishirini. Likitokea kwa mara ya kwanza, dalili zinaweza kuchelewa wiki moja au mbili, kwa hiyo mtu hahusishi muwasho wake na sherehe ya siku zile. Lakini mwili ukishaweka kumbukumbu, mara inayofuata dalili huja upesi na kwa nguvu, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu.

Binti yetu niliyemtaja alikuwa amepakwa piko katika sherehe nyingi kabla ya harusi yake. Hizo zote hazikuwa dalili ya usalama. Mojawapo ndiyo iliyomwandaa adhurike.

La kusikitisha zaidi ni kwamba kumbukumbu hiyo kwa kawaida haifutiki maisha yote. Mtu aliyepata mzio wa PPD ujanani anaweza kudhurika tena atakapotia rangi mvi zake akiwa na miaka 50. Baadhi hudhuriwa pia na vitu vyenye kemikali za jamaa moja na hiyo, kama vile rangi za baadhi ya nguo nyeusi, na hata baadhi ya dawa za kupaka za kutia ganzi. Ndiyo maana tunasema kwamba saa moja ya haraka inaweza kulipwa kwa miaka mingi.

Maswali ya kumuuliza mpambaji

Tunajua kuuliza si jambo jepesi. Mpambaji mara nyingi si mgeni. Ni jirani, ni shangazi, ni somo aliyemfunda mama yako. Binti anaona haya kumhoji mtu mzima. Lakini kuuliza kwa adabu si utovu wa heshima, na mkono utakaoungua ni wako. Yafuatayo ni maswali matano, na namna ya kuyapima majibu yake.

Swali la kwanza: "Shangazi, leo umechanganya na nini?" Mpambaji mzuri atakutajia kila kitu bila kusita: unga wa hina, ndimu, sukari, mafuta fulani. Akikujibu "ni siri yangu ya kazi" au "ni hina maalumu kutoka Uarabuni", mshukuru kisha uondoke. Pia muulize kama ameongeza petroli, mafuta ya taa au tina ya rangi, kwani wako wanaofanya hivyo ili rangi ishike. Vitu hivyo havifai kukaa kwenye ngozi.

Swali la pili: "Niiache mkononi muda gani?" Hina halisi inahitaji saa nyingi, walau 4 na vizuri zaidi 6 hadi 8. Akisema dakika 20 au saa moja na rangi itatoka nyeusi, amekwisha kukujibu swali la kwanza hata kama hakutaka.

Swali la tatu: "Naomba nione pakiti." Soma maandishi yake, au mpe mwanao mwenye macho mazuri akusomee. Ukikuta herufi PPD, neno p-phenylenediamine, neno 1,4-diaminobenzene au namba CI 76060, hiyo ni kemikali ileile kwa majina mbalimbali. Ukikuta maelezo kwamba ni rangi ya nywele, basi ni ya nywele na si ya ngozi. Na pakiti isiyo na orodha ya viungo, jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi, usiiamini hata kama imeandikwa kuwa ni ya asili kabisa. Koni zilizokwisha kukorogwa kiwandani na kukaa dukani miezi mingi zinahitaji tahadhari zaidi, kwani hina iliyokorogwa haidumu muda mrefu bila kuwekewa kitu cha kuihifadhi.

Swali la nne: "Naweza kujaribu kidogo kwanza?" Hina hupakwa kiasi cha sarafu kwenye sehemu ya ndani ya mkono, na mtu husubiri siku 2 aone kama kuna muwasho au wekundu. Mpambaji anayejiamini hatakataa. Tahadhari: jaribio hili ni kwa ajili ya hina halisi. Usilitumie kuipima piko, kwa sababu kama tulivyoeleza, mara ya kwanza mzio unaweza kuchelewa hata wiki mbili, na jaribio lenyewe linaweza kuwa ndilo linaloanzisha mzio.

Swali la tano: "Je, ungekataa kunipaka kwa sababu gani?" Hili linawashangaza wengi, lakini ndilo linalomtofautisha mjuzi na mfanyabiashara tu. Mjuzi atasema hapaki juu ya kidonda, upele au ngozi iliyoungua, hapaki watoto wachanga, na hapaki mtu aliyewahi kuvimba kwa rangi ya nywele. Anayempaka yeyote, wakati wowote, kwa rangi yoyote, huyo si wa kumpa mkono wako.

Usafi wa mahali na vyombo

Baada ya maswali, tumia macho. Angalia kama mpambaji ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza na baina ya mteja na mteja. Angalia kama koni yako ni mpya, au kama kijiti kinachotumika ni kilekile kilichopita mikononi mwa watu sita tangu asubuhi na kurudishwa katika bakuli moja. Vijiti ni vya bei rahisi. Kila mtu apate chake, na hina ya kila mtu itengwe katika kichombo chake. Kitambaa cha kufutia kiwe safi, au zitumike karatasi laini zinazotupwa.

Saluni nyingine zinazopaka hina siku hizi huchora pia nyusi za kudumu kwa wembe mdogo na wino. Hiyo si hina. Ni kuchanja ngozi, na hatari zake ni zilezile za sindano tulizozitaja mwanzoni. Usikubali kuongezewa huduma hiyo kwa maneno ya "ni kidogo tu, haitoi damu".

Watoto wachanga na wenye upungufu wa G6PD

Hapa tunaomba usikivu wa pekee, kwa sababu jambo hili linahusu hata hina halisi. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kinachoitwa G6PD. Ni jambo la kurithi, linalowapata zaidi wavulana, na lipo kwa wingi katika nchi zenye malaria kama zetu. Wengi hawajui kama wanao. Rangi ya hina ikipenya kwenye ngozi nyororo ya mtoto mwenye upungufu huo, inaweza kuzivunja chembe nyekundu za damu. Visa vya watoto walioishiwa damu vibaya baada ya kupakwa hina vimeripotiwa na madaktari, na baadhi ya watoto walifariki.

Kwa hiyo, desturi ya kumpaka mtoto mchanga hina siku ya arobaini au ya sherehe, tuiache. Kama katika ukoo wenu yupo mtu aliyewahi kuambiwa hospitali kwamba ana upungufu huu, muulize daktari kabla ya kumpaka mtoto wa umri wowote. Mtoto aliyepakwa kisha akawa mlegevu, akapauka, macho yakawa ya manjano au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na mwambieni daktari kwamba alipakwa hina.

Na piko au "hina nyeusi" asipakwe mtoto kabisa, hata siku ya Idi, hata akilia.

Ukishadhurika ufanye nini?

Ukihisi muwasho au moto mahali ulipopakwa, osha mara moja kwa maji mengi na sabuni isiyo kali. Usisubiri ikolee kwa kuwa umelipa. Weka kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi. Usijikune, na usitumbue malengelenge. Usipake dawa ya meno, mafuta ya taa, majivu wala majani ya kuponda, kwani hivyo huongeza kidonda na kuleta vijidudu.

Nenda kituo cha afya, na useme wazi ulipakwa nini na lini. Kama unaweza, nenda na pakiti au koni yenyewe. Daktari ana dawa za kupaka za kupunguza uvimbe na vidonge vya kupunguza muwasho, na kama kidonda kimeingiwa na vijidudu ataamua kuhusu dawa nyingine. Usinunue krimu za ngozi ovyo dukani.

Uso, midomo au ulimi ukivimba, au kupumua kukiwa kwa shida, hiyo ni dharura. Usingoje asubuhi.

Ukishapona, waombe waandike katika kadi yako kwamba una mzio wa PPD. Mwambie msusi wako, na uwaambie mabinti zako wajue. Piga ripoti pia. Kwa Tanzania Bara, tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Zanzibar kuna Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Kenya kuna shirika lake la viwango, KEBS. Pakiti mbaya uliyoinyamazia leo, kesho itauzwa kwa binti wa jirani.

Neno kwa wapambaji

Dada zetu wapambaji, tunajua kazi hii ndiyo inayolipa ada za watoto na kodi ya nyumba. Tunajua pia kwamba mteja ndiye anayeitaka nyeusi, na ukimkatalia anakwenda kwa mwenzako. Lakini kumbukeni kwamba mteja huigusa piko mara moja kwa mwaka, nanyi mnaikoroga kila wiki. Ukipata mzio, utaipoteza kazi yenyewe. Koroga hina yako mwenyewe nyumbani, mweleze mteja ukweli, na uvae glavu. Mteja aliyepambwa vizuri na asidhurike atakuletea dada zake wote.

Panga mapema

Mwisho, turudi kwenye kosa langu. Haikuwa tu kutouliza. Kosa lilianza kwa kuchelewa. Piko imeenea kwa sababu inaficha ucheleweshaji wetu.

Kama ndoa ni Jumamosi, bibi harusi apakwe Alhamisi. Apakwe baada ya sala ya Isha, mikono ifungwe kitambaa chepesi, alale nayo, na aibandue kabla ya Alfajiri ili apate kutawadha maji yakifika kwenye ngozi. Rangi inayobaki baada ya kubandua haizuii maji, bali tope lake ndilo linalozuia. Aikwangue kwanza, apake mafuta ya nazi kidogo, na kwa siku ile ajiepushe na maji ya sabuni kadiri awezavyo. Asubuhi itakuwa ya rangi ya chungwa, na mashangazi watalalamika kwamba haikukolea. Waambieni wasubiri. Jumamosi itakuwa imeiva.

Binti yetu sasa ana watoto wawili. Idi iliyopita alimpeleka bintiye mkubwa kwa mpambaji wa mtaani kwao, na mimi nilifuatana nao. Kabla mtoto hajanyoosha mkono, mama yake aliuliza, "Samahani bibi, umechanganya na nini?" Yule bibi hakukasirika. Alifunua bakuli, akamwonyesha unga wa kijani, akamnusisha ndimu, akasema, "Uliza mwanangu. Wanaouliza ni wachache."

Tuwe wengi, inshaAllah.